Fibroidi: Uliza maswali haya kabla ya kukubali kupasuliwa

Dada, kama wakati wa hedhi unabadilisha sodo kila saa, au damu inapita siku 7, usikubali kuambiwa ati ‘ndivyo wanawake walivyo’. Huenda ni fibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye mfuko wa uzazi. Dalili nyingine ni kukojoa kila mara, tumbo kujaa na uchovu unaoletwa na upungufu wa damu.

Kwanza tulia. Karibu fibroidi zote si kansa, na zisizokusumbua huenda zikahitaji kuchunguzwa tu mara kwa mara.

Zikikusumbua na dawa zisisaidie, usidhani kilichobaki ni kupasuliwa tumbo lote au kutolewa kizazi. Kuna njia tatu nyepesi zaidi.

Uvimbe ukiwa umechomoza ndani ya mfuko, daktari hupitisha kifaa chenye kamera ukeni na kuukata. Tumbo haliguswi na kisu.

Ukiwa ukutani au upande wa nje, hutobolewa matundu madogo tumboni. Kamera na vifaa hupitia humo, uvimbe ukatolewa na mfuko ukashonwa. Wengi hurudi kazini baada ya wiki 2 hadi 4, ilhali tumbo likifunguliwa ni hadi wiki 6.

Njia ya tatu ni kuunyima uvimbe chakula. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa damu kwenye kinena au mkono, kisha chembechembe ndogo huziba damu inayoulisha. Uvimbe husinyaa polepole kwa miezi kadhaa. Madaktari wa Ufaransa walitangaza matokeo ya njia hii mwaka 1995. Lakini kama unataka kuzaa, sema mapema, manake hapo wengi wao hupendelea kuutoa uvimbe wenyewe.

Si kila mtu anafaa njia hizi. Fibroidi zikiwa kubwa sana au nyingi, huenda tumbo likalazimika kufunguliwa.

Kwa hivyo, ukiwa mbele ya daktari, uliza: Ziko ngapi? Zina ukubwa gani, na zimekaa wapi? Mfuko wangu utabaki? Zinaweza kuota tena? Nitaweza kushika mimba?

Hospitali ikikosa vifaa, omba barua ya rufaa. Na ukiambiwa kizazi kitolewe na hujaridhika, beba picha zako umwone daktari wa pili. Mwili ni wako, bana.