Deraya ya plastiki: Kazi huanza baada ya sanduku kufunguliwa

WATU wengi wanaoliona vazi jeupe la askari wa filamu za Star Wars katika gwaride au katika wodi ya watoto hudhani kuwa mwenyewe amelinunua likiwa tayari, akalivaa kama koti na kutoka. Sivyo ilivyo. Mavazi mengi ya aina hiyo huungwa nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula au katika banda la gari, na mtu ambaye pengine hakuwahi kushika tupa maishani mwake.

Mnunuzi hupokea sanduku lenye vipande vya plastiki zaidi ya 20: vya kifua, mgongo, tumbo, mabega, mikono, mapaja, miundi na kichwa. Vingi huwa bado na mabaki ya bapa la plastiki pembeni, na hakuna kilichokatwa kwa kipimo cha mwili wake.

Seti hiyo hugharimu mamia ya dola za Marekani, na fedha hizo zinaweza kupotea kwa mkato mmoja. Nguo inayobana, fundi cherehani huifumua na kuachia kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani ya mshono. Plastiki iliyokatwa kupita kiasi ni maji yaliyomwagika. Kuongeza kiraka inawezekana, lakini kovu lake huonekana kwa mbali, hasa juu ya rangi nyeupe inayong'aa.

Vazi hilo lilizaliwa nchini Uingereza mwaka 1976, wakati filamu ya kwanza ya Star Wars ya mwongozaji George Lucas ilipokuwa ikipigwa katika studio za Elstree, kaskazini mwa London. Michoro ya awali ilikuwa ya msanii Ralph McQuarrie. Mchongaji Brian Muir ndiye aliyefinyanga deraya ya mwili kwa udongo, na helmeti 50 za askari hao, wanaojulikana kama stormtrooper, zilitengenezwa na Andrew Ainsworth, fundi wa Twickenham aliyekuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza mitumbwi ya plastiki.

Njia waliyoitumia ndiyo inayotumika hadi leo, na anayeielewa huelewa pia kwa nini kukata na kurekebisha kuna taabu kiasi hicho. Bapa la plastiki hupashwa moto hadi lilegee na kuning'inia kama chapati mbichi iliyoinuliwa kwa mikono miwili. Kisha huteremshwa juu ya kalibu, na pampu huvuta hewa yote iliyo chini yake. Msukumo wa hewa ya nje huikandamiza plastiki hiyo ikashika umbo la kalibu kwa muda mfupi sana, ikapoa na kuwa ngumu.

Matokeo yake ni matatu. Kwanza, pembeni ya kila kipande hubaki ziada isiyohitajika. Pili, mahali palipovutwa sana, kama vile kwenye kona na mabonde, plastiki huwa nyembamba kuliko kwingine, na ndipo inapopasuka. Tatu, na hili ndilo kubwa, kalibu haiwezi kuchomolewa ndani ya bomba lililozibwa pande zote. Ndiyo maana mkono au mguu hutoka kiwandani ukiwa nusu mbili, ya mbele na ya nyuma, na aliyenunua ndiye anayepaswa kuzioanisha.

Plastiki inayopendwa ni ile ya aina ya ABS, ambayo ndiyo hutengenezewa matofali ya kuchezea ya LEGO. Kwa deraya, unene wake huwa milimita moja na nusu hadi mbili hivi. Inakatika kwa zana za mkononi, inakubali gundi, na inapopigwa hubonyea kidogo kabla ya kuvunjika.

Mafundi wazoefu hawaanzi na mkasi. Huanza na penseli na utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Mvaaji huvaa kwanza nguo nyeusi ya kubana atakayoivaa ndani, kwa sababu hata unene wa kitambaa huhesabika. Nusu mbili za kipande hufungwa juu ya mkono au mguu kwa utepe, zikiwa zimepandana, kisha alama hupigwa. Ni kazi inayohitaji mtu wa pili. Mtu aliyevaa plastiki kifuani hawezi kujipinda akaona mgongo wake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila husahaulika. Tuseme mzingo wa kipande cha kigasha umezidi kwa milimita 40. Anayeharakisha atazikata zote upande mmoja. Mshono utahama kutoka katikati, na michoro iliyofinyangwa juu ya plastiki itakaa upogo. Kipande hicho kina nusu mbili, na kila nusu ina kingo mbili za kuungia, hivyo jumla ni kingo nne. Kinachotakiwa ni kuondoa milimita 10 katika kila moja. Hata hizo haziondolewi kwa mkupuo mmoja: hukatwa chache, kipande hujaribiwa, kisha hukatwa nyingine.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Kipande kinachokaa vizuri juu ya kigasha lazima pia kipitishe kiganja, na kiganja cha mtu ni kipana kuliko kifundo chake cha mkono. Wapo waliounganisha nusu mbili kwa gundi, wakafurahi jinsi zilivyokaa, kisha wakagundua kuwa mkono haupiti. Kwa miundi tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa sababu ya kisigino, na ndiyo maana kipande cha muundi huachwa wazi kwa nyuma, kikafungwa kwa utepe wa kunasa kila kinapovaliwa.

Kwa kukata, mikasi mifupi yenye ncha iliyopinda, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kuchezea ya plastiki, hufaa katika mikunjo. Mstari ulionyooka hauhitaji mkasi: huchanjwa kwa kisu kikali mara kadhaa bila kutoboa, kisha plastiki hupindwa huku na huku hadi ikatike yenyewe. Mashine ndogo ya kusaga inayozunguka kwa kasi huokoa muda, lakini hutifua vumbi na kuyeyusha plastiki ikiachwa mahali pamoja, na ikiteleza mara moja tu huacha mchirizi mrefu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeanza aiache sandukuni. Miwani ya kinga na kizuia vumbi si mapambo, hata kwa anayetumia msasa peke yake.

Suala linalowagawa wajenzi ni ule mdomo wa plastiki unaojikunja kwa ndani kwenye ukingo wa kila kipande. Mdomo huo hufanya plastiki nyembamba ionekane nene na hukipa kipande nguvu kisiyumbe. Lakini ndio huo huo unaomchubua mvaaji. Walio wengi huuacha mahali panapoonekana na kuupunguza au kuuondoa kabisa kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiwiko na nyuma ya goti, ambako nyama hubanwa kati ya vipande viwili kila kiungo kinapokunjwa. Anayekwenda kuvaa vazi hilo kwa saa nzima ajue kuwa kwapa, kinena na nyuma ya goti ndiyo maeneo yatakayomlaza na maumivu.

Kona zote huviringishwa kwa tupa. Hili si la urembo: kona kali hukusanya nguvu yote ya mvutano mahali pamoja, na ufa huanzia hapo. Ufa ukishaanza, hutobolewa tundu dogo la duara kwenye ncha yake ili usiendelee mbele, kisha hujazwa uji mzito unaopatikana kwa kuyeyusha vipunje vya plastiki ile ile ndani ya asetoni. Kwa sababu hiyo, mabaki ya plastiki hayatupwi. Asetoni nayo hushika moto kwa urahisi, na mvuke wake haufai kuvutwa chumbani kulikofungwa madirisha.

Kipande kilichopinda zaidi au pungufu ya mwili wa mvaaji hakilazimishwi kwa gundi. Huchovywa katika maji ya moto ambayo bado hayajachemka, hupindwa taratibu, kisha humwagiwa maji baridi. Plastiki ya ABS hulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo bunduki ya hewa ya moto katika mikono ya asiyezoea inaweza kuharibu paja zima kwa sekunde chache.

Nusu mbili za mkono au mguu hazipandanishwi. Hukutanishwa ukingo kwa ukingo na kufunikwa utepe mwembamba wa plastiki hiyo hiyo, wenye upana wa takribani milimita 15 kwenye mikono na 20 mbele ya miguu. Gundi nzito inayobaki na ulaini kama mpira hupendwa kuliko ile ya kukauka papo hapo. Huhitaji saa 24 hadi 72 kukomaa, ikiwa imeshikiliwa kwa vibanio au sumaku, lakini ina faida moja isiyo na kifani: ikionekana kuwa kipande kimekosewa, inaweza kubanduliwa bila kupasua plastiki. Gundi ya papo hapo haina msamaha huo.

Baada ya hapo vipande vyote huning'inizwa mwilini kwa lastiki, mikanda ya nailoni na vishikizo vya kubonyeza. Mapaja hubebwa na mkanda wa kiunoni, vinginevyo hushuka hadi magotini katika hatua kumi za kwanza. Kukaa kitini ni anasa ambayo mvaaji huisahau.

Urefu nao ni tatizo. Vazi lilibuniwa kwa watu warefu, na filamu yenyewe ina utani kuhusu askari mfupi. Wafupi hupunguza miundi, mapaja na tumbo, na hapo ustadi hupimwa kwa jinsi ambavyo michoro ya juu inabaki mahali pake. Wanene huongeza vipande pembeni, chini ya kwapa, ambako jicho haliendi haraka.

Ndani ya helmeti, mtu huona mbele na kidogo sana chini. Katika filamu ya mwaka 1977 yumo askari anayegonga kichwa kwenye mlango mbele ya kamera, na tukio hilo halikukatwa. Leo wengi hufunga feni ndogo ndani ili pumzi isitie ukungu kwenye macho ya kioo, na hawatoki bila msindikizaji wa kuwaongoza ngazini na kuwapa maji.

Ni kwa ajili gani basi mtu ajitie katika adha hii? Sehemu ya jibu ni 501st Legion, chama cha wapenzi wa mavazi hayo kilichoanzishwa mwaka 1997 na Albin Johnson, mkazi wa jimbo la South Carolina nchini Marekani. Anayetaka kujiunga ni lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na picha za vazi lake hulinganishwa na mwongozo wa maandishi unaotaja kila kipande, hadi upande wa goti unaostahili kuwa na kinga ya ziada, ambao ni wa kushoto. Asiyelingana hurudishwa kwenye tupa yake.

Chama hicho kinajulikana zaidi kwa kutembelea watoto wagonjwa na kuchangisha misaada. Johnson mwenyewe aliguswa na jambo hilo nyumbani kwake: mwaka 2005 alifiwa na binti yake mdogo kwa saratani ya ubongo. Roboti ya rangi ya waridi iliyojengwa na wapenzi wa filamu hizo kwa heshima ya mtoto huyo, R2-KT, iliendelea kuzungushwa hospitalini, na ilionekana hata katika filamu ya Star Wars ya mwaka 2015.

Upande wa sheria haukuwa mtulivu kiasi hicho. Mwaka 2004 Ainsworth alianza kuuza nakala za helmeti na deraya, na kampuni ya Lucasfilm ikamfikisha mahakamani. Mwaka 2006 mahakama ya California iliamuru ailipe dola milioni 20 za Marekani. Nchini Uingereza mambo yaligeuka. Mahakama Kuu mwaka 2008, Mahakama ya Rufaa mwaka 2009 na hatimaye Mahakama ya Juu Julai 27, 2011 zilikubaliana kuwa helmeti hiyo si sanamu.

Neno hilo ndilo lililobeba kesi nzima. Ingekuwa sanamu, ingelindwa kama kazi ya sanaa kwa muda wote wa uhai wa msanii na miaka 70 baada ya kifo chake. Majaji waliona kuwa ni kifaa kilichohitajika katika kutengeneza filamu, na kilicho sanaa ni filamu yenyewe. Hata hivyo, Mahakama ya Juu haikumwachia Ainsworth kila kitu: ilisema mahakama za Uingereza zinaweza kusikiliza madai ya kuvunjwa kwa hakimiliki ya Marekani.

Kwa anayejiungia vazi lake mwenyewe, hukumu hiyo haikubadilisha mengi. Lucasfilm, iliyonunuliwa na Disney mwaka 2012, imekuwa ikiwavumilia wavaaji wasiotafuta faida, na chama cha Johnson kimejiwekea masharti ya kutofanya biashara kwa mavazi hayo. Watayarishaji wa tamthilia ya The Mandalorian walipopungukiwa na askari wa kuonyesha, waliwaita wanachama wa 501st Legion, nao wakaja studio wakiwa na deraya walizozikata kwa mikono yao.