Kompyuta na Utambuzi wa Mapema wa Ugonjwa wa Moyo

Homa humpeleka mkazi wa Bonde la Kilombero zahanati siku ileile. Shinikizo la juu la damu halimsukumi hivyo: mtu huweza kukaa nalo miaka mingi, akilima na kuvua, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikidhoofika.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutafuta kukadiria hatari kabla ya dalili. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham nchini Marekani, watu 5,209 walianza kufuatiliwa ili ijulikane nani huugua moyo na kwa nini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya yanayokadiria hatari ya miaka 10 ijayo kwa umri, jinsia, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu, kisukari na lehemu. Pasipo na maabara, uwiano wa uzito na urefu hushika nafasi ya vipimo viwili vya mwisho.

Kompyuta inayojifunza hufanya kazi hiyo kwa upana zaidi. Hupewa kumbukumbu za watu wengi ambao matokeo yao yanajulikana, nayo hutafuta yenyewe mifanano iliyojificha. Bonde hili limekwisha kuona mfano wake. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walichapisha matokeo ya kompyuta iliyofundishwa kutambua malaria katika matone makavu ya damu yaliyomulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho. Sampuli zilikuwa 296, kutoka kata 12 za kusini mashariki mwa Tanzania. Usahihi ulifikia takriban asilimia 92.

Kwa moyo kazi ni ngumu zaidi. Malaria ipo au haipo siku ya kipimo, bali jibu la moyo huja baada ya miaka. Tena, kompyuta iliyofundishwa kwa kumbukumbu za Ulaya yaweza kumkadiria vibaya mkulima wa mpunga wa Idete, ambaye kazi, chakula na maradhi yake ni tofauti. Ili imfahamu, yahitaji vipimo vyake vya mara kwa mara, na hapo ndipo penye pengo: msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, mbali na zahanati, na kadi hukaa miezi bila kuandikwa kitu.

Kipimo chenyewe ni chepesi: mkanda mkononi, dakika chache, namba mbili. Zikifika 140 kwa 90, mtu hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuthibitishwa. Mwenye miaka 40 au zaidi aweza kuomba kupimwa hata alipofuata huduma nyingine, na kuhakikisha namba hizo zimeandikwa pamoja na tarehe.