Mama, Tafuta Wenzako: Kulea Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum

Ukiwa Lafey mjini, Fino, Sala, Warankara, Alungu au huko malishoni na mifugo, tandika mkeka ukae karibu na redio. Baba, ayeeyo, eedo na habaryar, nanyi karibuni. Mazungumzo ya leo yanawahusu nyote.

Leo tunazungumza juu ya mama anayelea mtoto mwenye mahitaji maalum. Huenda ni mtoto ambaye shingo yake haijakaza ilhali wenzake wanatembea. Huenda hasikii, haoni au hasemi. Huenda ana kifafa, au akili yake inachelewa kukua. Mara nyingi watu huuliza habari za mtoto huyo. Ni wachache wanaouliza habari za mama yake. Leo tutamwuliza yeye, na tutamweleza jambo moja linaloweza kumpunguzia mzigo, nalo ni kuwatafuta wenzake.

Saa ya kwenda kuteka maji

Chukua mfano wa mama mmoja. Ana watoto watano. Wa tatu ana miaka sita. Hatembei, hutambaa tu, na mara kwa mara hushikwa na kifafa. Kiangazi kimeingia, silanga limekauka, na foleni ya kisimani ni ndefu. Mama afanye nini? Kumbeba mtoto wa miaka sita pamoja na maji hawezi. Kumwachia mdogo wake wa miaka minne ni hatari. Basi anamfunga kamba mguuni asije akatambaa hadi motoni, anafunga mlango, kisha anaondoka mbio na punda wake.

Majirani wakiona kamba ile husema mama huyu hana huruma. Sivyo. Mama huyu hana msaidizi.

Ni kweli kamba inamdhuru mtoto. Inamkata ngozi na kuunyima mguu mazoezi. Nyumba ikishika moto hawezi kutoka, na kifafa kikimpata hana wa kumgeuza. Lakini ukimwambia mama "mfungue mtoto" bila kumwambia nani atabaki naye, umemwongezea mzigo tu. Kamba hiyo itafunguliwa siku mama atakapopata mwanamke mwingine anayeyajua mambo haya na aliye tayari kusaidiana naye.

Kwa nini hamjuani?

Je, mama, unadhani ni wewe peke yako mwenye mtoto kama huyu hapa kwenu? Wengi hudhani hivyo. Sababu ni kwamba kila mmoja amemficha wake. Mgeni akiingia, mtoto anapelekwa chumba cha ndani. Siku ya Idi na siku ya arusi anaachwa nyumbani. Ikiwa mama watatu wa kijiji kimoja wanafanya hivyo, kila mmoja ataishi miaka mingi akiamini kwamba ni yeye tu.

Tunawaficha watoto kwa kuogopa maneno. Wengine husema ni laana, wengine jini, wengine jicho baya, na wengine humlaumu mama. Kuna pia mazoea yetu ya kumwita mtu kwa kilema chake, Dhegoole au Indhoole, hadi jina alilopewa na wazazi wake linasahaulika.

Basi tusikilize ukweli. Mtindio wa ubongo hutokea ubongo wa mtoto unapoumia akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au akiwa bado mchanga. Uchungu wa kujifungua uliochukua muda mrefu mno, manjano kali ya mtoto mchanga na homa ya uti wa mgongo ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuuleta. Mtoto mwenye hali ya Dauni kwa kawaida huzaliwa na kromosomu 47 badala ya 46. Mama hakufanya kosa lolote. Kifafa nacho hakiambukizi, hata ukiguswa na povu la mgonjwa. Na kumchoma mtoto kwa chuma cha moto hakumponyi. Kunamwachia kidonda na maumivu juu ya yale aliyo nayo.

Wengine walianzaje?

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, walezi wa watoto wenye ulemavu zaidi ya 200 walisaidiwa kuunda vikundi 20 vya kujisaidia. Habari zao zilichapishwa na watafiti mwaka 2020. Walezi hao walikutana, wakaweka akiba na kuanza kazi ndogo ndogo za kuleta mapato. Si vikundi vyote vilivyodumu. Lakini katika vile vilivyodumu, walezi walijiona wana watu wa kuwategemea, jambo ambalo hawakuwa nalo hapo awali. Nairobi nako, wazazi wa watoto wenye usonji walianzisha chama chao mwaka 2003.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wajir ni jirani zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati koo zilipokuwa zikipigana, wanawake wachache walianza kukutana na kuulizana la kufanya. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood kwa kazi ya amani. Wao walitafuta amani ya koo, nasi tunatafuta nafuu ya mama na mtoto. Lakini mwanzo ni ule ule: wanawake wachache wameketi pamoja, wakaambiana ukweli.

Hatua ya kwanza: mtafute mmoja

Mwulize mhamasishaji wa afya ya jamii, kwa kuwa yeye huingia nyumba kwa nyumba. Mwulize muuguzi siku ya kliniki, mkunga, au mwalimu wa duksi. Usiulize mbele za watu, "Nani ana mtoto mlemavu?" Hakuna atakayejibu. Anza na lako mwenyewe. Sema, "Mimi nina mtoto ambaye hatembei. Kama unamjua mama mwenye mtoto kama wangu, mwambie nyumba yangu iko wazi, aje tunywe chai."

Hatua ya pili: kaeni, msikilizane

Wawili au watatu mnatosha kuanza. Chagueni siku ambayo mmoja wenu hatalazimika kusafiri kwa ajili ya mkutano tu, kama siku ya kliniki au siku ya soko. Njooni na watoto. Siku hiyo ya kwanza kila mama aeleze habari za mtoto wake, wengine wasikilize. Msikimbilie kutoa ushauri, na msishindane nani ana taabu zaidi. Wekeni sharti moja: yanayosemwa hapa yabaki hapa. Siri ikitoka mara moja, mama hatarudi.

Hatua ya tatu: pangeni zamu

Sasa turudi kwa yule mama wa kamba. Akipata wenzake wawili walio karibu, mmoja atabaki na watoto wakati wawili wanakwenda kisimani, na siku inayofuata watabadilishana. Lakini kabla ya kuanza zamu, kila mama awafundishe wenzake namna ya kumshika mtoto wake. Haya ndiyo ya kufundishana:

Kulisha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilazwe chali na kumiminiwa maziwa au uji mdomoni. Chakula kinaweza kuingia njia ya hewa, akapaliwa au akapata ugonjwa wa mapafu. Mkalishe wima, mshikilie mgongo, kichwa kielekee mbele kidogo, umpe kwa kijiko kidogo polepole.

Kukaa. Mtoto asilale upande mmoja kutwa nzima. Mgeuze mara kwa mara. Mkalishe akiwa ameegemezwa kwa nguo zilizokunjwa au mifuko ya mchanga, aone wenzake wakicheza.

Kifafa. Mtoto akishikwa, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, na umwondoe karibu na moto. Mlaze ubavu. Usitie kijiko, kidole wala maji mdomoni, na usimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika tano hajatulia, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, mpelekeni hospitali haraka.

Dawa. Dawa ya kifafa hunywewa kila siku, hata mtoto akionekana amepona. Ikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Kama mnahama na mifugo, mwone muuguzi mapema ili upewe dawa ya kutosha muda mtakaokuwa mbali.

Hatua ya nne: wekeni kidogo pamoja

Ayuto mnaijua. Kila mmoja anatoa, na kila mmoja anapata kwa zamu yake. Mama sita wakitoa shilingi 100 kila wiki, kwa wiki nne ni shilingi 2,400. Kwa kikundi hiki tunashauri mtenge sehemu ya pesa hizo isigawanywe, iwe ya safari ya hospitali. Safari ya kwenda Elwak au Mandera mjini si rahisi, na barabara si salama kila siku. Mtoto akizidiwa, hamtakuwa na muda wa kuanza kuchangisha. Andikeni kila shilingi kwenye daftari, na mama asiyejua kusoma asomewe mbele ya wote.

Hatua ya tano: nendeni ofisini pamoja

Mama mmoja akienda ofisini huambiwa arudi kesho. Mkienda watano mtasikilizwa upesi zaidi, na huko mtakuwa mnadai haki, hamwombi sadaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kupata elimu. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilifuatwa na sheria mpya mwaka 2025. Mambo matatu ya kuulizia ni haya:

Moja, usajili wa mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Mtoto atahitaji kupimwa na kuandikiwa ripoti hospitalini. Kama hana cheti cha kuzaliwa, anza na hicho.

Mbili, mpango wa Inua Jamii. Nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, iliyoingizwa katika mpango huo, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia kwa mlezi. Si kila anayeomba huingizwa mara moja, lakini asiyeandikwa kabisa hawezi kufikiriwa. Mwulize chifu au afisa wa maendeleo ya jamii.

Tatu, shule. Kenya imekuwa na vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum tangu mwaka 1984. Waulizeni maafisa wa elimu ni lini na wapi watoto wenu watatathminiwa.

Mkifika watu kumi, mnaweza pia kusajili kikundi chenu kwa afisa huyo wa maendeleo ya jamii.

Neno kwa baba na wazee

Baba, mtoto huyu ni wako pia. Ukimbeba mbele za watu siku ya Idi, umewafunga midomo wengi kuliko mama angeweza kufanya kwa mwaka mzima. Mruhusu mkeo akutane na wenzake, na ulipe nauli ya kliniki. Wazee na maimamu, mkimwita mtoto kwa jina lake halisi, watoto wa mtaa watafuata.

Na wewe mama, mwili wako?

Kuna jambo la mwisho. Mama anayelea hivi kwa miaka mingi huweza kuugua bila kidonda kuonekana. Halali hata akipata nafasi. Analia bila kujua sababu, chakula hakimpiti, hataki kumwona mtu. Wengine hufikia kuwaza heri wafe, wao na mtoto. Mama, kama umefika hapo, wewe si mama mbaya na imani yako haijapungua. Unaumwa, na ugonjwa huu una matibabu. Mwambie mtu leo hii, kisha mwende pamoja kwa muuguzi au daktari. Na nyinyi wenzake, mkiona mwenzenu ameacha kuja, msingoje. Nendeni nyumbani kwake, na usiku huo asiachwe peke yake.

Wazee wetu wa Kisomali husema kidole kimoja hakioshi uso. Waswahili nao husema kidole kimoja hakivunji chawa. Kesho ukienda kisimani, uliza habari za yule mama ambaye hajaonekana siku nyingi. Huenda naye anakutafuta wewe.

Baada ya kipindi, zungumzeni:

1. Ni mama gani hapa kwetu mwenye mtoto ambaye hatumwoni kwenye arusi na sikukuu? Nani atamtembelea kwa heshima, bila kumtangaza?

2. Mama akienda kuteka maji, nani kati yetu anaweza kubaki na mtoto wake, na siku gani?

3. Mtoto akishikwa na kifafa, mambo gani tunafanya, na mambo gani hatufanyi?