KUACHA VIDONGE VYA KUFUKUZA USINGIZI: UCHOVU WAKE UNAPIMWA



Kuna vidonge ambavyo watu humeza ili wasisinzie kazini. Ndani yake mna amfetamini ao metamfetamini. Mtu akimeza, usingizi unakimbia, njaa inapotea, anajiona mwenye nguvu za watu wawili. Lakini nguvu hizo ni za kukopa, na siku ya kuacha deni linalipwa.

Siku hiyo mtu analala mchana na usiku. Akiamka anakula sana, kisha analala tena. Ana huzuni, ana hasira juu ya neno dogo. Jamaa wanasema: «Amekuwa mvivu. Afazali zamani, alikuwa akitumika.» Neno hilo ni la hatari, kwa sababu linamrudisha kwenye vidonge. Ule si uvivu. Ni ugonjwa wenye mwanzo na mwisho, tena una kipimo chake.

KIPIMO KILITOKA WAPI?

Katika nchi ya Thailand, mashofere wa kamyo na watu wa kazi za mikono walizoea vidonge hivyo. Waliviita «ya ma», maana yake dawa ya farasi. Mwaka 1996 serikali ilibadili jina likawa «ya ba», dawa ya wazimu. Wagonjwa wakawa wengi.

Homa inapimwa kwa termometa. Kiu ya vidonge itapimwa namna gani? Kwa maulizo. Mwaka 1999 munganga Manit Srisurapanont na wenzake walitoa karatasi yenye maulizo 10. Kisha ikatoka karatasi nyingine yenye maulizo 16. Kila jibu linapewa alama, tangu 0 mpaka 4. Basi mtu mwenye hali mbaya kupita zote anafika 64.

Mwaka 2005 Catherine McGregor pamoja na wanganga wa Thailand walitangaza habari za wagonjwa 21 waliofuatwa kwa majuma 3. Taabu ilikuwa kubwa zaidi siku ya kwanza kisha kuacha. Ikashuka siku kwa siku, na karibu na mwisho wa juma la kwanza ilikuwa imepungua sana. Majuma mawili yaliyofuata ilibaki ndogo. Shika neno hili: siku mbaya kabisa ni za mwanzo.

PIMA NYUMBANI

Munganga ndiye anayepima sawasawa. Lakini jamaa wanaweza kumsaidia kwa kaye na kalamu. Kila jioni, saa ileile, muulize mgonjwa juu ya mambo haya sita:

1. Uchovu
2. Usingizi mwingi, ao ndoto kali
3. Njaa kupita kawaida
4. Huzuni, kutopenda kitu chochote
5. Hasira na wasiwasi
6. Tamaa ya vidonge

Andika 0 kama hakuna, 1 kidogo, 2 kadiri, 3 sana, 4 kupita kiasi. Jumlisha. Tuseme leo ni 19, kisha siku nne ni 11. Mgonjwa mwenyewe anaweza kusema «sijapona hata kidogo», lakini kaye inamuonyesha kwamba anapanda kutoka shimoni. Peleka kaye hiyo kwa munganga. Usiifanye fimbo ya kumpiga nayo.

MAMBO YA KUFANYA

Mpaka leo hakuna kidonge kinachomaliza taabu hii. Mwache alale. Mpe chakula na maji. Asiende kutafuta nguvu katika pombe.

Wewe unayeacha, usiongoze kamyo wala mashini siku hizo za kwanza. Mtu anayesinzia mbele ya mashini anaua na wenzake. Nenda dispansere mbele ya kuanza, ueleze kweli, ili munganga aseme kama unafaa kwa kazi.

Angalia namba 4 kuliko zote. Kama mgonjwa anasema afazali kufa, usingoje jioni wala kuhesabu alama. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali saa ileile. Fanya vilevile kama anasikia sauti zisizokuwako, ao kifua kinamuuma.

Hesabu ikishuka, usitupe kaye. Tamaa inaweza kurudi kisha majuma mengi, hasa siku ya mushahara, wakati feza iko mkononi na marafiki wa zamani wanapita. Siku hiyo andika tena namba 6. Ikiwa imepanda, rudi nyumbani pamoja na bibi ao ndugu, na kesho yake uonane na munganga.

Kwa kazi ya usiku, dawa ya usingizi ni moja: kulala mchana wa kutosha. Mama, fukuza makelele ya watoto karibu na chumba. Kwa kufanya hivyo unalinda maisha ya watu wote wa kikosi chake.