Simu ya Upepo Ndani ya Gari

Bila shaka umewahi kuona gari lenye fimbo ndefu ya chuma iliyosimama mbele au nyuma. Fimbo hiyo ni antena ya simu ya upepo. Simu hii hupokea sauti, na pia hupeleka sauti mbali.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang ziko sehemu za mabonde ambako simu ya mkononi haishiki. Gari linalompeleka mama mjamzito hospitali ya Haydom likikwama huko usiku, dereva ataombaje msaada? Tena tukumbuke tarehe 3 Desemba 2023. Matope na mawe ya Mlima Hanang yaliporomoka hadi Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa, na barabara zikaziba. Siku kama hiyo simu iliyo ndani ya gari ni mali kubwa. Lakini ikifungwa vibaya itanyamaza wakati wa shida, au itachoma gari.

Kwa nini ichome gari? Simu ya upepo yenye nguvu ya wati 100 hutumia umeme kidogo inaposikiliza. Ukibonyeza kitufe na kusema, huvuta ampea kama 20 kutoka betri ya volti 12. Huo ni umeme wa taa kubwa nne za gari zikiwaka pamoja. Waya mwembamba wa redio ya kawaida hauwezi mzigo huo. Utapata moto, na sauti yako itakatikakatika.

Kwa hiyo waya ziwe nene, nazo zitoke kwenye betri yenyewe. Nyekundu ifungwe kwenye alama ya kujumlisha, nyeusi kwenye alama ya kutoa. Fyuzi ya waya nyekundu ikae karibu sana na betri. Mafundi wengine huiweka karibu na simu, na hapo wanakosea. Waya ikichubuka njiani na kugusa bodi, fyuzi iliyo mbele yake haitazuia kitu. Moto utaanza chini ya boneti. Waya inapopita kwenye tundu la bati, tundu hilo liwekewe mpira. Wala usikubali fyuzi iliyokatika ifungwe kipande cha waya.

Kabla ya kazi hii fundi afungue kwanza waya wa betri wenye alama ya kutoa, na aurudishe mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi haitatoa cheche.

Sasa tuangalie waya wa ardhi. Utauliza, gari limesimama juu ya mpira, ardhi iko wapi? Ardhi yake ni bodi. Antena ni nusu moja tu ya kazi. Bodi ya chuma ndiyo nusu ya pili. Kama antena haikushikana vizuri na bodi, nguvu nyingi hupotea, na anayesema anaweza hata kuungua midomo kwenye kinasa sauti. Mkanda wa shaba uliosukwa, mfupi na mpana, ni bora kuliko waya mrefu. Rangi ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, bolti ikazwe, kisha ipakwe girisi. Boneti na milango nayo iunganishwe na bodi kwa mikanda kama hiyo, kwa sababu bawaba peke yake hazitoshi.

Barabara zetu hutikisa sana, na vumbi la chumvi kandokando ya Ziwa Balangida hula chuma. Bolti hizo zikaguliwe kila wiki.

Mtu asishike antena wakati dereva anasema, itamuunguza. Watoto hupenda kuichezea, wafukuzeni. Dereva asiseme na simu gari linapotiwa mafuta, wala antena ikiwa imefunguliwa, maana simu itaharibika. Na gari likipelekwa kuchomelewa, waya za simu zitolewe kwanza kwenye betri.