Bustani ya mboga: mtaji wa kwanza ni samadi

Mwekezaji mdogo anayeanzisha bustani katika udongo wa kichanga jijini Dar es Salaam huweza kupoteza mtaji mapema akinunua mbegu na mbolea ya urea kabla ya kurutubisha ardhi. Mchanga haushiki maji. Urea huyeyuka na kuzama chini, mizizi ikabaki haina kitu.

Fedha za kwanza zielekezwe kwenye samadi iliyooza vizuri, kiasi cha kilo 20 kwa tuta la mita 10 kwa 1. Samadi mbichi ya kuku, hata ikiwa bei nafuu, huunguza miche.

Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4. Hivyo, anayeanza na tuta moja hujua mapema kama ardhi inalipa, kabla ya kuongeza mtaji.