Unanunua hita ya mtumba? Geuza usome lebo kabla hujalipa

Juni na Julai baridi ya Njombe haina utani. Kama unashona au kuranda mbao nyumbani, hita ya umeme ya mtumba inaweza kukuokoa, ila soma lebo yake kwanza. Ikiandikwa volti 120, iache hapo hapo dukani. Hiyo ni ya Marekani. Kwenye umeme wetu wa volti 230 itavuta nguvu karibu mara nne na kuungua.

Ikiwa ya 230, kesi sasa ni waya. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9 muda wote. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haiwezi, itayeyuka taratibu huku wewe unapiga kazi. Chomeka moja kwa moja ukutani. Waya wa hita ukiwa umechubuka, badilisha wote, uweke wenye nyaya tatu, na ule wa njano na kijani ufungwe kwenye bodi ya chuma. Wapo mafundi wanaouruka, kumbe ndio unaokukinga na shoti.

Maranda na vitambaa vikae mbali, angalau mita moja. Washa dakika 15, zima swichi ya ukutani, kisha gusa plagi. Inaunguza? Usiwashe tena, ita fundi umeme.

Na LUKU je? Kila saa uniti 2 zinaondoka.